Nakala ya hukumu haiombwi kwa mdomo

Mzee mmoja alikuja ofisini na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hukumu ya mahakama ya wilaya, kurasa kumi na moja za fotokopi. Kashindwa kesi ya deni la mbao, anataka kukata rufaa. Nikafunua ukurasa wa mwisho: hakuna mhuri, hakuna saini ya kuthibitisha.

"Nilimwambia karani, mwanangu. Akasema nirudi. Nimerudi mara nne, ya mwisho kanipa hizi."

Barua ya maombi? Hakuandika.

Kwa Tanzania, haki yenyewe haina ubishi. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 20 kanuni ya 20, inataka wadaawa, yaani pande za kesi, wapewe nakala zilizothibitishwa za hukumu na tuzo (karatasi fupi inayosema nani kapata nini), wakiomba, kwa gharama zao. Kwa hiyo anayekupa nakala hakufanyii hisani. Ila lazima uombe, na maombi yasiyo na maandishi siku ya shida ni kama hayakuwapo.

Wengi pia huchukua hukumu wakaiacha tuzo. Rufaa ya madai kwenda Mahakama Kuu hukatwa dhidi ya tuzo, basi idai. Isome palepale dirishani: tarehe yake iwe ile ya siku hukumu iliposomwa, si ya siku ilipochapwa. Rufaa zimewahi kufutwa kwa kosa hilo, na kosa wala si la mrufani.

Sasa muda. Kutoka mahakama ya wilaya, rufaa ya madai ya kawaida ina siku 90. Siku ulizokuwa ukisubiri nakala hazihesabiwi, na Mahakama ya Rufani imeshasema hesabu hiyo inakuja yenyewe bila kuomba nyongeza ya muda, mradi kumbukumbu zionyeshe lini uliomba na lini ulipewa. Mzee wangu hana "lini uliomba". Na hukumu ilikuwa na siku 107.

Ukitoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, kamba inakazwa zaidi. Barua ya kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani, iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake umpelekee mpinzani wako. Hiyo ya mpinzani ndiyo husahaulika. Ukiisahau, cheti cha msajili wa mahakama cha siku zilizotumika kuandaa kumbukumbu hakikusaidii kuziondoa kwenye hesabu.

Mahakama ya mwanzo ni habari nyingine kabisa. Rufaa yake kwenda wilayani ni siku 30, na sheria hailazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu. Anayekaa kuisubiri anajichelewesha bure. Apeleke sababu zake za rufaa tu.

Usidanganyike pia na hukumu uliyoipakua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Ni nzuri kwa kusoma, nami naisoma kila siku, lakini haichukui nafasi ya nakala uliyothibitishiwa na ofisa anayetunza jalada: jina lake, cheo, saini, tarehe na mhuri.

Tuliandika barua ya mzee siku ileile, nakala mbili. Moja ikabaki masjala, nyingine ikarudi na mhuri wa "imepokelewa". Akaikunja akaitia mfuko wa shati. Kesho yake tukaanza kuandaa maombi ya kuongezewa muda, na kiapo cha kueleza safari zake nne, ambazo hakuna daftari lililoziandika.