Shahada ya uchumi katika kazi ya utreda: manufaa yake na mpaka wake

Treda ni mtu anayenunua na kuuza hisa, hati fungani, sarafu za kigeni, bidhaa au mikataba inayotokana na vitu hivyo, akitafuta faida katika kupanda na kushuka kwa bei, awe anatumia fedha za taasisi iliyomwajiri au mtaji wake mwenyewe. Mchumi huuliza kwa nini bei iko ilipo na inapaswa kuelekea wapi. Treda huuliza ni jambo gani ambalo soko bado halijalihesabu, na ni hasara kiasi gani anaweza kuibeba iwapo amekosea. Manufaa ya shahada ya uchumi katika kazi hii hayapimiki vizuri mpaka maswali haya mawili yatenganishwe.

Tuchukue uamuzi wa benki kuu kuhusu riba. Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa kwamba riba ikipanda, mambo mengine yakibaki vilevile, fedha za wawekezaji huvutwa kuingia nchini na sarafu ya nchi hiyo huimarika. Benki kuu inatangaza kuongeza riba kwa asilimia 0.25, na dakika hiyohiyo sarafu inashuka. Nadharia haijakosea hapo. Soko lilikuwa limeshatarajia ongezeko la asilimia 0.5, bei ilikuwa imeshapanda wiki kadhaa kabla, na tangazo lenyewe likawa ni punguzo likilinganishwa na kile ambacho watu walikuwa wameshakilipia. Bei husogezwa na tofauti kati ya kilichotokea na kilichotarajiwa, na kosa la kusahau matarajio hayo ndilo ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote kwa wahitimu wanaoingia sokoni wakiwa na imani kubwa na vitabu vyao. Kwa haki, somo la uchumi lenyewe linaijua hoja hii: dhana ya ufanisi wa masoko, inayohusishwa zaidi na mchumi Eugene Fama na makala yake ya mwaka 1970, inasema kwamba taarifa zinazojulikana huwa zimeshaingia ndani ya bei. Tatizo ni kwamba wengi huisoma kama mada ya mtihani.

Wachumi wakubwa nao wameumia kwa njia hii. Irving Fisher, aliyekuwa miongoni mwa wachumi mashuhuri wa Marekani, alisema Oktoba 1929 kwamba bei za hisa zilikuwa zimefikia kiwango cha juu cha kudumu. Soko liliporomoka mwezi huohuo naye akapoteza utajiri wake. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alifilisika mwaka 1920 katika biashara ya sarafu, akalazimika kukopa ili aanze upya. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: baada ya miaka mingi ya kujaribu kununua na kuuza kwa kubashiri mizunguko ya uchumi, aliiacha njia hiyo katika miaka ya 1930, akageukia kuchagua kampuni chache alizozielewa na kuzishikilia kwa muda mrefu.

Hata hivyo shahada hii ina mambo yanayotumika kila siku, na mara nyingi siyo yale yanayotajwa kwanza. Takwimu na ekonometria, yaani upimaji wa nadharia za uchumi kwa takwimu, humfundisha mtu kutofautisha uhusiano wa kweli na bahati, jambo la lazima kwa yeyote anayejaribu mkakati kwa kutumia bei za zamani. Nadharia ya taarifa zisizo sawa, ambayo mchumi George Akerlof aliieleza mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, ambako muuzaji anajua kasoro asizozijua mnunuzi, inaeleza moja kwa moja kwa nini treda anayetoa bei za kununua na za kuuza huongeza pengo kati ya bei hizo anapohisi kwamba anayemjia anajua asilolijua yeye. Anayeshughulika na hati fungani za serikali au sarafu, ambako mfumuko wa bei na sera za benki kuu ndizo habari kuu, ataifaidi shahada hii kuliko anayefanya biashara ya kasi kwa algoriti, yaani programu za kompyuta zinazonunua na kuuza zenyewe. Huko hutafutwa zaidi hisabati na uandishi wa programu: Jim Simons, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Renaissance Technologies, alikuwa mwanahisabati, na aliajiri zaidi wanahisabati, wanafizikia na wataalamu wa kompyuta.

Kwa anayetredi kwa fedha zake mwenyewe, hatari kubwa ni mkopo, na cheti hakimkingi nao. Mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management ulikuwa na Myron Scholes na Robert Merton, washindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 1997. Mwanzoni mwa 1998 kila dola 1 ya mtaji wake ilibeba mali za takriban dola 25, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa mkopo. Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake Agosti mwaka huo, mfuko ulizama, na taasisi 14 zikachanga takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa. Hesabu inayohusika hapa ni nyepesi, nayo inastahili kukaririwa: aliyepoteza asilimia 50 ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa.

Kwa hiyo anayesomea uchumi akiwa na nia ya kuwa treda asihangaike kubadili shahada, bali achague vizuri ndani yake: ekonometria, hisabati ya uwezekano, nadharia ya michezo (uchambuzi wa maamuzi yanayotegemea maamuzi ya wengine), usimamizi wa fedha za kampuni, na lugha moja ya programu hata kama haimo katika mtaala. Kila linapokaribia tangazo la takwimu za uchumi, aandike kabla yake soko linatarajia nini na yeye anatarajia nini, kisha baada ya tangazo alinganishe daftari lake na mwendo wa bei.