"Tungepata dikteta mmoja tu": dhana potofu kuhusu Korea Kusini

Mazungumzo ya maendeleo yakipamba moto, kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp, hakosi mtu wa kuitaja Korea Kusini. "Walikuwa maskini kama sisi. Wakapata mtu mmoja mkali, akawanyoosha." Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanasambaa. Lakini vijana wetu wanayatumia kuomba watawaliwe kwa mabavu, na hilo siwezi kulinyamazia.

Dhana: Korea ilianza mahali pale pale tulipoanzia sisi

Kwa kipato, ni kweli. Mwaka 1960 pato la Mkorea wa kawaida lilikuwa chini ya dola 200 kwa mwaka, na nchi ilikuwa imebomolewa na vita vya 1950 hadi 1953. Viwanda vikubwa na umeme mwingi vilivyojengwa na Wajapani vilibaki Korea Kaskazini.

Lakini kipato hakisemi nani anamiliki shamba. Chini ya ukoloni wa Japani wakulima wengi walilima ardhi ya makabaila, na kodi ya kawaida ilikuwa nusu ya mavuno. Sheria ya 1949 ikaweka kikomo: hakuna mtu kumiliki mashamba ya kilimo zaidi ya hekta 3 hivi. Ziada ilichukuliwa ikagawiwa wakulima, nao wakatakiwa kulipa asilimia 30 ya mavuno ya mwaka kwa miaka mitano. Makabaila walilipwa kwa hati fungani (ahadi za serikali kulipa baadaye), na mfumuko wa bei wa wakati wa vita ukazila thamani. Tabaka zima lililozoea kukaa kivulini likavunjika ndani ya miaka michache.

Mkulima aliyebaki na mavuno yake alifanya nini? Alisomesha watoto. Ukoloni ulipokwisha, watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu kila mtoto wa umri wa shule ya msingi alikuwa darasani. Haya yote yalitangulia utawala wa yule "mtu mkali" anayesifiwa.

Dhana: Ukali wa Park Chung-hee ndio uliojenga nchi

Jenerali Park aliipindua serikali tarehe 16 Mei 1961. Serikali hiyo ilikuwa imechaguliwa mwaka mmoja tu kabla, baada ya wanafunzi kumng'oa Syngman Rhee, rais wa kwanza wa nchi, na tayari ilikuwa ikiandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Rhee naye alikuwa mkali, akatawala miaka 12, na uchumi haukupaa. Kama ukali ungetosha, Burma (Myanmar ya leo) ingekuwa wapi sasa? Jenerali Ne Win alichukua nchi hiyo mwezi Machi 1962, miezi kumi tu baada ya Park, akaishika hadi 1988. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliiweka Burma kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa.

Tofauti ya Park ilikuwa jinsi alivyowabana matajiri. Wafanyabiashara wakubwa walikamatwa kwa kujitajirisha isivyo halali, kisha wakaambiwa wajenge viwanda. Serikali ilizishika benki, ikatoa mikopo ya riba nafuu, na sharti lilikuwa kuuza nje. Kila mwezi Park mwenyewe aliketi kwenye kikao cha mauzo ya nje, akitaka hesabu. Aliyefikia lengo aliongezewa mkopo. Aliyezembea alijiweka hatarini. Mwaka 1964 mauzo yalifika dola milioni 100, na kufikia 1970 nguo, mbao na nywele za bandia zilikuwa mbele. Mwaka 1977 yalifika dola bilioni 10. Kwetu mara nyingi mwenye kiwanda hupewa msamaha wa kodi kisha haulizwi lolote.

Na nani alikuwa akishona nguo Korea? Katika Soko la Pyeonghwa jijini Seoul, wasichana wadogo waliinama kwenye cherehani hadi saa 14 kwa siku, katika vyumba vya dari fupi vilivyojaa vumbi la vitambaa. Fundi mmoja, Jeon Tae-il, alikuwa akitumia nauli yake ya basi kuwanunulia chakula, kisha anatembea kwenda nyumbani. Sheria ya kazi ilikuwepo tangu 1953. Aliisoma, akaandika malalamiko, hakusikilizwa. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 22, alijichoma moto akipaza sauti, "Sisi si mashine!" Anayeniambia Park peke yake alijenga Korea amemsahau huyu kijana na maelfu wa aina yake.

Dhana: Walijitegemea tu, bila fedha za nje

Hapana. Misaada ya Marekani ilibeba miaka ya 1950. Mkataba wa 1965 na Japani ulileta dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mkopo, na sehemu yake ikajenga kiwanda cha chuma cha Pohang. Wachimba migodi na wauguzi wa Korea walikwenda Ujerumani Magharibi, na wanajeshi wao zaidi ya 300,000 walipelekwa Vietnam, zikiwa njia nyingine za kuleta fedha nyumbani.

Dhana: Demokrasia ingewachelewesha

Park aliuawa na mkuu wake wa ujasusi mwaka 1979. Jenerali mwingine, Chun Doo-hwan, akashika hatamu na damu ya waandamanaji ikamwagika jijini Gwangju mwezi Mei 1980. Mwaka 1987 wananchi walijaa barabarani hadi wakapata haki ya kumchagua rais wao moja kwa moja. Uchumi haukuzimika. Samsung, iliyoanza kutengeneza chipu za kumbukumbu za kompyuta mwaka 1983, ilikuwa kinara wa dunia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo pato kwa kila mtu limepita dola 30,000.

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi. Raia walikimbilia bungeni kuwazuia wanajeshi, wabunge wakaparamia uzio ili waingie. Wabunge 190 walipiga kura, na wote 190 waliikataa. Kulipopambazuka sheria ile ilikuwa imeshafutwa.