Je, wajua kwa nini daktari humtazama macho mtu anayelalamikia kizunguzungu?

Ukipanda mwendokasi Kimara asubuhi, kiti huenda usipate, basi simama karibu na abiria aliyekaa dirishani anayeangalia nje. Usimkodolee sana, asije akakuuliza una nini naye. Tazama mboni zake tu. Zinaifuata nguzo ya taa polepole, halafu zinaruka ghafla kudaka nguzo inayofuata. Zinafuata, zinaruka, zinafuata, zinaruka, na mwenyewe hana habari. Ni hali ya kawaida kabisa gari likitembea.

Sasa chukua mtu aliyelala kitandani Sinza, chumba kimetulia, na macho yake yanafanya vilevile. Hiyo wataalamu huiita nistagmasi, na mtu huyo atakwambia dari linazunguka.

Wengi wetu hapa Dar kizunguzungu tunakipa majina matatu: presha, njaa, malaria. Lakini kile cha kuona vitu vinazunguka bila kukoma, na matapishi juu, mara nyingi huanzia sikio la ndani. Mara chache zaidi, na hapo ndipo pa hatari, huanzia kwenye shina la ubongo, kipande kifupi kama kidole kinachouunganisha ubongo na uti wa mgongo.

Macho yanahusikaje? Fungua ujumbe kwenye simu, kisha tikisa kichwa kama mtu anayekataa. Unasoma bila shida. Sasa tuliza kichwa, utikise simu kwa kasi ileile: maandishi yanavurugika. Tofauti ni kwamba kila sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, habari inafika kwenye shina la ubongo, nalo linaamuru macho yageuke upande wa pili kwa kiasi hichohicho. Yote hayo huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde.

Masikio mawili hufanya kazi kama timu za kuvuta kamba zenye nguvu sawa. Moja likizimika, ubongo hudhani kichwa kinageuka wakati kimetulia, na macho huteleza kuelekea upande mbovu, kisha yanarudishwa kwa mruko. Robert Bárány, daktari wa Vienna, aliligundua hilo kwa kusafisha watu masikio: maji ya baridi yaliwaletea kizunguzungu na macho kuruka upande mmoja, ya moto yakayarusha upande wa pili. Alitunukiwa Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi.

Tatizo likiwa sikioni, macho huruka kuelekea upande uleule popote mgonjwa anapoangalia, na hutulia kiasi akikazia kitu. Shina la ubongo likiumia, mambo hubadilika. Kuangalia pembeni ni kazi, maana jicho huvutwa kurudi katikati kama mpira, na shina ndilo linalolishikilia. Likishindwa, mgonjwa akitazama kulia macho yanaruka kulia, akitazama kushoto yanaruka kushoto. Wengine macho yao huruka wima tupu, juu na chini, au jicho moja hukaa juu kuliko mwenzake.

Kuna kipimo kimoja ambacho mimi hunishangaza kila nikikifikiria. Mgonjwa hukazia macho pua ya daktari, naye daktari hukigeuza kichwa cha mgonjwa kidogo kwa ghafla. Watafiti Halmagyi na Curthoys walikieleza mwaka 1988. Sikio likiwa bovu, macho huchukuliwa na kichwa, ndipo yanarukia puani kwa kuchelewa. Lakini katika kiharusi cha shina la ubongo, mara nyingi macho hubaki puani sawasawa. Yaani mtu anatapika, dunia inamzunguka muda wote, na kipimo kinatoka kizuri: huyo ndiye wa kumkimbilia! Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kipimo hiki, pamoja na kutazama mruko na usawa wa macho, kilinasa viharusi ambavyo picha ya MRI ya mapema ilivikosa. Ila huhitaji mikono iliyozoea, kwa hiyo usiende kumgeuza bibi shingo nyumbani.

Viharusi navyo tunavyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta Dar es Salaam viharusi vipya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilayani Hai karibu 109, baada ya kusawazisha umri.

Kizunguzungu kikija pamoja na kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, kupaliwa na maji, ganzi ya upande mmoja wa uso au kushindwa hata kukaa wima, twende hospitali sasa hivi, si kesho. Na foleni ikiwashika njiani, mwambie mgonjwa afumbue macho, uyarekodi kwa simu akitazama mbele, kulia na kushoto, kwani mruko unaweza kuwa umepungua kabla hamjamfikia daktari.