Antena ya Simu na Kichwa Chako: Yanayosemwa na Yalivyo

"Simu za siku hizi hazina antena."

Zinazo, tena kadhaa. Ile mistari myembamba ya plastiki inayokata ukingo wa chuma haikuwekwa kwa urembo: inatenga vipande vya ukingo vinavyotumika kama antena. Antena ya zamani ya kuchomoza ilirusha mawimbi pande zote, na kwa kuwa kichwa kilikuwa sentimita chache tu kutoka hapo, sehemu kubwa ya nguvu iliishia kichwani na mkononi badala ya kufika mnarani. Kwa mbunifu hiyo ni hasara mara mbili, kwa mtu na kwa betri.

Ndipo zikaja antena bapa za ndani. Hizi hukaa mgongoni mwa simu, na kati yake na uso kuna bamba la shaba la ubao wa saketi, kwa hiyo mawimbi mengi huelekea nyuma. Baadaye simu nyingi zikahamishia antena kuu chini, karibu na maikrofoni, mbali na ubongo.

Lakini kazi haikuishia hapo. Kwenye masafa ya chini, kama megahezi 900, antena ndogo haijitoshelezi. Mkondo husambaa kwenye chuma chote cha simu, na chuma hicho nacho hurusha mawimbi. Anayebuni antena kwa kweli anabuni simu nzima.

"Bandika stika ya kuzuia mionzi, uwe salama."

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana watu wanaitolea pesa. Simu hupandisha au kushusha nguvu yake kulingana na inavyosikika mnarani. Ukiiziba antena, simu hujikaza. Simu ya GSM (mtandao wa kizazi cha pili, 2G) kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kupanda hadi wati 2 kwa kila mpigo, ingawa hurusha sehemu moja tu ya nane ya muda, yaani wastani wa wati 0.25. Kiganja kilichofunika sehemu ya chini ya simu kinaweza kuleta matokeo yaleyale, na pia mtandao hafifu.

"Yenye SAR ndogo ndiyo salama zaidi."

SAR ni nguvu inayofyonzwa na kila kilo ya mwili. Hupimwa simu ikirusha kwa nguvu zake zote, kando ya kichwa cha plastiki kilichojazwa kimiminika. Kikomo cha Marekani ni wati 1.6 kwa kilo, kwa wastani wa gramu 1 ya tishu. Ulaya ni 2, kwa gramu 10. Namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja, wala hazisemi simu yako itarusha kiasi gani ukiwa karibu na mnara.

"Ni sawa na eksirei."

Hapana. Mawimbi haya hayana nishati ya kuvunja molekuli za DNA. Athari yake iliyothibitika ni joto. Mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliyaweka kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa finyu.

"Simu ikishatoka kiwandani, mionzi yake haibadiliki."

Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha mauzo ya iPhone 12. Kipimo cha simu ikiwa mkononi au mfukoni kilikuwa wati 5.74 kwa kilo, wakati kikomo cha Ulaya kwa mikono na miguu ni 4 (kile cha 2 ni cha kichwa na kiwiliwili). Apple ilituma sasisho la programu, na kipimo kikashuka chini ya kikomo. Hakuna antena iliyoguswa.