Mechi ikiisha saa nne usiku, utarudije Ngaramtoni?

Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mjini, na tangu nchi yetu ipewe AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, kila nikikaa na watu hapa Arusha naulizwa uwanja wa Olmoti umefikia wapi. Paa, nyasi, viti. Usafiri haupo kwenye maswali, na mimi ndo unaoninyima usingizi, maana kwenda uwanjani watu wanaenda kidogo kidogo, mwingine saa nane mwingine saa kumi, ila kurudi wanatoka wote kwa mpigo.

Tupige hesabu. Uwanja ni wa watu 30,000. Tuseme wote waje na magari, watu watatu kila gari, hayo ni magari 10,000, na gari moja likipaki, ukijumlisha na njia ya kuingilia na kutokea, linakula kama mita za mraba 25, kwa hiyo unatafuta hekta 25 za parking tu, yani viwanja kama 35 vya mpira vimejaa magari ambayo mechi ikiisha yatakaa kwenye foleni yanaunguza mafuta. Haya, chukua nusu tu ya hao watu, 15,000, wapakie kwenye Hiace, abiria 15 kila moja. Trip 1,000! Ukitaka waishe ndani ya masaa mawili inabidi Hiace nane ziondoke kila dakika, na hamna stendi hapa mjini inayoweza hiyo. Basi kubwa la watu 60 linaleta trip 250, mabasi mawili kwa dakika, hapo kazi inafanyika.

Sasa usifikiri nataka vifodi, yani hizo Hiace za abiria, viondolewe barabarani siku ya mechi, hapana, hilo litakuwa kosa kubwa. Dereva wa kifodi ana hesabu ya bosi kila siku, yani pesa ya kumpelekea mwenye gari, akikaa getini masaa mawili kusubiri filimbi ya mwisho anakula hasara, ndo maana usiku unakuta ameshalaza gari na wewe unabaki na bodaboda anayekutajia bei anayotaka. Nilimuuliza dereva mmoja pale Kilombero hapa mjini kama atasubiri mechi iishe, akanijibu, "Kaka, nilipe hesabu yangu tu, nitalala hapo hapo." Jibu lote liko hapo. Mlipe kwa kilomita au kwa masaa, asitegemee vichwa. Johannesburg walipoanzisha mabasi ya Rea Vaya mwaka 2009, kabla ya Kombe la Dunia la 2010, wenye daladala za kule waligoma na kupinga sana, mwishoni wakaingia kama wanahisa kwenye kampuni inayoendesha mabasi hayo na malipo yakawa ya kilomita.

Kitu kingine, nauli iwe ndani ya tiketi ya mechi. Ujerumani walifanya hivyo kwenye Kombe la Dunia la 2006, na Euro 2024 mwenye tiketi alipanda usafiri wa mji bure kwa masaa 36. Olimpiki ya London 2012 waliunganisha tiketi na usafiri wa siku, na kwenye Olympic Park mtazamaji hakupewa parking, isipokuwa mwenye ulemavu. Hiyo naipenda sana, kwa sababu mtu akishalipia basi anapanda basi, na muuza mitumba wa Mbauda anajua toka siku ananunua tiketi kwamba amerudi nyumbani, hatakwanguliwa na boda saa tano usiku.

Wanawake mnanielewa zaidi hapa. Kilimanjaro Marathon pale Moshi, uwanja wa Ushirika, mwaka mmoja nilitoka na kundi la kinadada waliokimbia nusu marathon, barabara bado zimefungwa, hamna aliyetuambia gari zinapatikana kona ipi, tukatembea na miguu iliyokwisha mpaka stendi kutafuta Coaster ya Arusha. Na ule ulikuwa mchana kweupe. Ingekuwa usiku wangapi wangerudi mwaka unaofuata? Kibao kinachosema gari za wapi zinasimama wapi, taa njiani na mtu wa kuuliza, ni vitu vya bei ndogo kabisa ukilinganisha na uwanja.

Mjomba wangu anatumia kiti cha magurudumu. Konda alishamwambia mbele yangu kwamba hicho kiti kinakula nauli ya watu wawili, akafunga mlango. Mlango wenyewe wa Hiace ni mwembamba, ngazi iko juu, hata konda mwenye roho nzuri inabidi ambebe kama mzigo. Mabasi ya sakafu ya chini yenye ubao wa kupandia, hata kumi tu ya kuanzia mjini kati, yangembadilishia maisha hata baada ya mashindano. Ni shabiki wa Taifa Stars toka enzi za redio. Kashaniuliza mara mbili siku ya mechi atapandia wapi, na mpaka leo ninachoweza kumwambia ni teksi, kwenda na kurudi.