Gesi haijaisha, bosi: dhana potofu kuhusu chila kubwa

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda, kuanzia Novemba hivi, napigiwa simu zenye sentensi ileile, iwe ni hotelini, hospitalini au kwenye ghorofa la ofisi: "Fundi, chila haipozi, gesi imeisha, njoo na mtungi." Chila ndiyo ile mashine kubwa inayopoza maji yanayozungushwa kwenye viyoyozi vya jengo. Anayepiga hajasoma geji, hajagusa bomba, hajui hata maji yanatoka nyuzi ngapi. Ila jibu analo tayari. Wengine wananitangulia kabisa, wananunua mtungi wenyewe, nikifika naukuta umesimamishwa mlangoni mwa chumba cha mitambo.

Gesi haiishi. Haichomwi kama dizeli ya jenereta ikatoka na moshi. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa inaibana, kondensa inaigeuza kimiminika, valvu ya upanuzi inaishusha presha, kwenye evaporeta inachemka kwa joto la maji ya jengo, kisha inarudi kompresa kuanza upya. Kilo zilizoingizwa siku mashine inafungwa ndizo zinazotakiwa kuwemo miaka 20 baadaye. Zikipungua, pana tundu. Na palipo na tundu, kuongeza gesi bila kuliziba ni kuinunua gesi ya bei mbaya ili uipulize angani.

Lakini mara nyingi hata hilo tundu halipo. Kinachotokea ni kwamba mtu anaona presha ya kufyonza, ile ya gesi inayorudi kompresa, iko chini, anahitimisha kwamba gesi ni ndogo. Presha hiyo hushuka kwa sababu chungu nzima: maji hayapiti ya kutosha, chujio limeziba, mirija ya evaporeta imeota utando, draya (chujio la unyevu na uchafu kwenye bomba la gesi) imejaa uchafu, valvu imekwama, oili imelala kwenye evaporeta. Geji inakuambia presha ni ngapi. Haikuambii kwa nini.

Chukua kisa kimoja cha hoteli fulani. Chila inatumia gesi aina ya R-134a, maji yamepangiwa kutoka nyuzi 7. Katika hali nzuri, geji ya upande wa presha ya chini kwenye mashine ile ilikuwa ikisoma kama baa 2.5, maana yake gesi inachemka kwenye nyuzi 5. Nikaikuta baa 2, gesi inachemka jirani na sifuri, na kengele ya presha ndogo imekuwa ikiizima mashine kila baada ya muda. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaongeza gesi. Haikusaidia, akaongeza tena. Nikatazama vipimajoto vya maji: yanaingia nyuzi 15, yanatoka 7. Tofauti ya nyuzi 8 kwenye mashine iliyoundwa kwa tofauti ya 5! Hapo huhitaji mtungi, unahitaji spana. Tukafunga valvu, tukafungua chujio la pampu. Ndani mlikuwa na nyuzi za katani zile za kufungia viungio vya mabomba, magamba ya kutu na punje za kuchomelea. Walikuwa wamekarabati ghorofa mbili, wakakata mabomba, wakayaunga, wakafungulia maji bila kuyasafisha. Uchafu wote ukasafiri ukakusanyika pale. Tulipoliosha na kulirudisha, tofauti ikashuka hadi 5 na geji ikapanda yenyewe.

Kazi haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu inayonikera zaidi. Ile gesi ya ziada ilikuwa bado imo. Kimiminika kilichozidi kinajaa chini ya kondensa na kufunika mirija iliyotakiwa kugeuza gesi, presha ya juu inapanda, kompresa inavuta ampea nyingi, na siku ya jua kali mashine inajizima kwa presha kubwa. Mwenye hoteli anakuwa amenunua ugonjwa wa pili. Ikabidi tuinyonye kwa mashine ya kukusanyia gesi na kuipima kwenye mizani mpaka ifikie kilo zilizoandikwa kwenye kibati. Gesi ya chila hupimwa kwa mizani. Anayejaza kwa kuangalia geji peke yake anabahatisha.

Kuna njia ya kujua, na haihitaji uganga. Kwenye chila yenye valvu ya upanuzi, pima supahiti (nyuzi ambazo mvuke wa gesi umepanda baada ya kumaliza kuchemka) na sabkulingi (nyuzi ambazo kimiminika kimeshuka baada ya gesi kugeuka) kwa pamoja. Supahiti ikiwa juu na sabkulingi chini, hapo sawa, gesi imepungua kweli. Supahiti ikiwa juu lakini sabkulingi ni nzuri, pana kizuizi njiani, anza na draya. Presha ikiwa chini na supahiti nayo chini, joto halifiki kwenye gesi: rudi upande wa maji. Kwa zile kubwa ambazo mirija ya evaporeta inaogelea ndani ya gesi, supahiti haikupi mengi; tazama aprochi, yaani tofauti kati ya joto la maji yanayotoka na joto la gesi inayochemka. Kwenye mashine safi ya aina hiyo ni nyuzi moja hadi tatu. Ikianza kupanda wiki baada ya wiki, kuna jambo. Ila huwezi kuona imepanda kama hujaiandika, na ndiyo maana navumilia mengi lakini sivumilii chumba cha mitambo kisicho na daftari. Maji kuingia, maji kutoka, presha ya juu na ya chini, ampea, joto la oili, kila saa mbili. Mlinzi wa getini anaandika namba ya kila gari linaloingia. Mwendesha mtambo atashindwaje?

Na mapovu kwenye kioo cha kuchungulia gesi bombani, si dalili kwamba imepungua? Si ushahidi tosha. Draya iliyoziba huleta mapovu hayohayo, na mzigo wa jengo ukibadilika ghafla pia.

Kama tundu lipo kweli, litafutwe: naitrojeni kavu, povu la sabuni, kifaa cha kunusa gesi. Oksijeni kamwe. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka, na bado nawaona watu wakisogeza mtungi wa kuchomelea kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Anza na kofia za valvu za huduma, zile mafundi wanazozisahau mfukoni wakaondoka nazo. Na kama gesi ni mchanganyiko kama R-407C, kumbuka sehemu zake hazivuji kwa kiwango sawa. Ikivuja nyingi, kilichobaki si gesi ile tena. Toa yote, jaza upya, na ijazwe ikiwa kimiminika.

Kuhusu bei, wanaolalamika kwamba gesi imepanda wajue haitashuka. R-22, gesi ya zamani ya viyoyozi, imepangiwa kuondolewa katika nchi zinazoendelea ifikapo 2030 chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na mwaka 2016, hapo jirani Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza hata hizi zilizokuja baada yake. Kilo moja ya R-134a ikivujia angani inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksidi katika miaka 100. Mtungi unaoupuliza ovyo leo, kesho utautafuta.

"Usiku zimeni swichi kuu, tuokoe umeme." Hii ni dhana nyingine, hutoka kwa wahasibu. Zima kompresa kwenye kidhibiti, pampu zimalizie dakika zake kisha zisimame, lakini umeme wa paneli uache. Ndani ya kompresa kuna hita ya oili, wati mia chache tu, kitu kidogo sana mbele ya injini yenyewe. Ikizimwa, oili inapoa, na gesi hupenda kuhamia penye baridi: inakwenda kuyeyuka ndani ya oili usiku kucha. Asubuhi unawasha, presha inashuka ghafla, gesi inachemka kutoka kwenye oili, oili yote inakuwa povu. Beringi zinalainishwa kwa povu. Ukifanya hivyo kila asubuhi, jiandae kununua kompresa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ipe hita muda wake kabla ya kuwasha. Watengenezaji wengi hutaka saa 24 kwa mashine iliyokaa bila umeme. Shika chini ya kompresa kwa kiganja. Kama ni baridi, usiwashe, hata meneja akiwa amesimama nyuma yako.

Na kuwasha kuna mpangilio. Pampu ya maji ya baridi kwanza, kisha pampu ya kondensa na feni za mnara unaopoza maji ya kondensa, subiri maji yatulie, kompresa mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

"Swichi ya maji inasumbua, weka jampa, mkutano unaanza saa nane." Jampa hiyo, yaani waya wa kuiruka swichi, ndiyo inayoua mashine mchana mmoja. Swichi ya mtiririko inasema maji hayapiti. Ukiidanganya, gesi inaendelea kunyonya joto kwenye maji yaliyosimama, yanaganda, mirija inapasuka, maji yanaingia kwenye mfumo wa gesi, na kompresa inayavuta. Hapo hatuzungumzii tena matengenezo. Vivyo hivyo rilei ya fezi, inayolinda mpangilio wa nyaya za umeme. Nyaya mbili za jenereta zikipishana, kompresa ya skrubu inazunguka kinyume, na haihitaji muda mrefu kujiharibu. Rilei ikikataa, kagua jenereta.

"Shusheni iwe nyuzi 4, ipoe haraka." Kama chila iko asilimia 100, iko asilimia 100. Namba unayoipanga inaiambia isimame wapi, haiongezi nguvu. Kila nyuzi moja unayoshusha inaongeza umeme kama asilimia 2 hadi 3, na inakusogeza kwenye kuganda. Ukumbi usipopoa wakati maji ni nyuzi 7, tazama huko juu: filta za viyoyozi, mikanda ya feni, valvu zilizokwama. Siungi mkono pia wale waliosikia habari za kuokoa umeme wakapandisha hadi 10. Unyevu wa pwani mwezi Machi hautaki mzaha. Koili ya kiyoyozi isipokuwa baridi ya kutosha, chumba kinapoa lakini shuka zinabaki na ubichi. Arusha au Nairobi, jioni yenye hewa kavu, pandisha tu.

"Maji ya kisima chetu ni safi, hata tunakunywa." Mnara wa kupoza unavukiza maji matupu na kubakisha chumvi yote. Kesho unaongeza mengine, yanavukiza, chumvi inabaki. Visima vingi vya pwani vina chumvi tangu mwanzo. Usipomwaga sehemu ya maji ya mnara mara kwa mara na kuweka dawa, magamba yanajenga kwenye mirija ya kondensa, joto la gesi linapanda, na bili ya umeme inapanda nalo. Watu wakishaiona wanasema, naam, gesi imeisha. Kwa hospitali, suala ni zito kuliko bili. Mwaka 1976 watu kadhaa walikufa Philadelphia baada ya mkutano hotelini, na bakteria aliyegunduliwa kufuatia vifo vile, Legionella, anastawi kwenye maji ya uvuguvugu, hasa mnara ulioachwa na tope.

Wenye chila za hewa juu ya paa, zinazopozwa kwa feni badala ya mnara, wasijione wamepona. Upepo wa bahari unakula mapezi ya alumini, na kijana mwenye mashine ya kuoshea magari anamalizia kazi kwa kuyalaza yote. Osha kutoka ndani kwenda nje, kinyume na hewa inavyoingia, kwa maji ya presha ya kawaida na mashine ikiwa imetengwa na umeme. Ukimaliza rudisha umeme mapema, hita ya oili ipate saa zake kabla ya kuwasha.