Besi Hayuko Katikati ya Mto

Karibu na Daraja la Rockville, juu kidogo ya mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mto Susquehanna una upana unaozidi kilomita 1, na upana huo ndio unaowaponza watu. Mimi huongoza wavuvi wa samaki aitwaye besi, na mteja akishakaza viatu tu, kidole kinaelekezwa katikati: twende kule, samaki wakubwa wako kule. Ameshajiaminisha kwamba mvuvi hodari ni yule aliyezama hadi kifuani akirusha nzi wake, yaani chambo bandia, hadi upeo wa macho.

Sivyo, jamani. Asubuhi na mapema ya Julai au Agosti, besi wa mdomo mdogo yuko kandokando, kwenye maji ya magotini, chini ya kivuli cha miti au nyuma ya jiwe. Anawinda samaki wadogo na kamba wa mtoni, nao wako hukohuko ukingoni. Ukiingia kwa kishindo umemfukuza kabla hujarusha, halafu unaniambia mto umekufa.

Anza ukiwa nchi kavu. Rusha mara kadhaa sambamba na ukingo. Mita 8 hadi 12 zinatosha kabisa. Ndipo uingie hadi vifundoni na upande taratibu kuelekea mto unakotoka. Besi hutazama kule maji yanakotoka, hivyo unamjia kwa nyuma, na tope unalotibua linabaki nyuma yako. Weka mguu imara kabla ya kunyanyua wa pili, kwa sababu mtikisiko wa changarawe anausikia ubavuni hata kama hajakuona. Najua kuna watakaobisha kwamba besi humfuata mvuvi ili ale kamba wanaofukuliwa na viatu. Ni kweli, lakini mara nyingi hao ni vitoto.

“Joto likizidi, besi hali chochote.” Huyo ni truta, samaki wa maji yenye ubaridi. Besi hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi, na hapo ndipo njaa humshika. Jua likipanda, mtafute penye maji ya kasi yanayopita juu ya mawe, kwenye oksijeni ya kutosha. Wala usimchanganye na binamu yake wa mdomo mkubwa wa Ziwa Naivasha, anayejificha kwenye magugu na maji yaliyotulia. Huyu ni samaki wa mkondo.

Nzi mdogo kama mbu? Mwachie truta huyohuyo. Funga nzi aliyebuniwa na mvuvi Bob Clouser huko Middletown, kwenye mto huuhuu, mwenye urefu wa sentimita 7 hivi. Macho yake mazito humgeuza, ncha ya ndoana ikatazama juu, na mawe hayamnasi ovyo. Popa, yaani chambo bandia kinachoelea, nayo si ya kuvutwavutwa. Itue, viduara vya maji viishe vyote, ndipo uitikise kidogo.

Suruali ya mpira hadi kifuani wakati wa kiangazi ni kujichemsha bure. Vaa kaptura na viatu vyenye soli inayoshika, maana mawe yana mwani, na pesa itakayobaki nunua miwani inayokata mng'ao wa maji.

Radi ikinguruma, toka majini na ulaze ufito wa kuvulia chini. Ni wa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Hilo huwa silijadili na mteja.